Mwalimu Mgeni Aliyebaki Chuoni

Wazazi wenzangu, mtoto wenu akialikwa kufundisha chuo cha ng'ambo, someni karatasi yote kabla hajatia saini. Vyuo vya huko siku hizi lazima viwe na walimu wa kila kabila la dunia, basi humwita mgeni muhula mmoja, kisha hunakili sura, sauti na akili yake. Yeye hurudi. Nakala hubaki ikifundisha.

Binti yangu Nakijwa alirudi Machi. Siku moja yuko jikoni anachambua maharage ya makande, simu yangu ikaita. Kwenye kioo, Nakijwa.

"Shikamoo, mama. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba. Unapoa."

"Huku wananiita Mwafrika wetu, utadhani walininunua mnadani." Akacheka, kicheko chake kilekile. "Mama, mbona muhula huu hauishi? Nitarudi lini nyumbani?"

Nakijwa wa jikoni akaacha maharage. "Mama, kata simu. Huyo si mtu."

Nilishindwa. Najua nimezaa mmoja, lakini yule naye ananiita mama.

"Hivi karibuni, mwanangu," nikamjibu.

Tangu hapo anapiga kila asubuhi kuuliza kama ni leo.