Mtani Haruhusiwi

Pii! Kipimo cha upole kilichofungwa ukutani kilinilaumu kabla sijaonekana, kwa sababu nilibamiza mlango.

Siku hizi sheria inatutaka sisi tunaohudumia wazee majumbani tuseme maneno matamu tu. Kipimo kikisikia matusi mfululizo, mhudumu huondolewa na roboti huletwa.

“Uji, bibi yangu mpendwa, ua la Iringa,” nilisema.

Bibi Kalinga aligeukia ukuta. Tangu kipimo kifungwe, alikuwa hali chakula.

“Gama, wewe Mngoni, mimi Mhehe, watani tangu enzi za mababu. Hata maiti zetu mnazitania. Mimi mzima nimekosa nini?”

Nilitazama mbavu zake, nikatazama kipimo, nikapandisha sauti:

“Mhehe wa vita gani, kijiko chamkimbiza?
Uji ukiwa mezani, ajificha kwenye giza!”

Pii!

“Lete bakuli, mtumwa wangu! Uji wenyewe kama maji ya kufulia!”

Pii! Pii! Alikunywa wote, akicheka mpaka ukamtokea puani. Kipimo kikatangaza kwa upole kwamba roboti iko njiani.

Bibi alinishika mkono. “Wanakuondoa.”

“Waniondoe! Kesho nakuja kama mgeni, na ninakuahidi, nitakutukana mpaka ulambe bakuli.”