Unga kwenye Bomba

Mzee Lubango hakuwa na pete mpya za shaba za kuzibia bomba la dizeli la trekta lililokuwa likivuja, hakuwa na spana namba kumi na tisa, wala hakuwa na muda, maana mvua zilikaribia. Mwanawe Tungu alikuwa ameandika kutoka mgodini: trekta likipona, atarudi kulima, lisipopona, shamba liuzwe.

Alizichoma zile pete kuukuu kwenye jiko la mkaa ili zilainike, mara ya tatu sasa, akazirudisha na kukaza kwa koleo. Akalipangusa bomba, akalinyunyizia unga wa muhogo uonyeshe kama bado linavuja.

"Baba Tungu, huo ndio uji wetu wa kesho," alisema mkewe, Nyamizi.

"Unga hausemi uongo, mama."

Wakaangalia. Unga ulikaa mweupe kwa kitambo, kisha kwenye kiungo cha chini likatokea doa la dizeli, likapanuka.

"Sasa utamwandikia nini mtoto?"

Lubango alichukua karatasi. Aliandika mstari mmoja: *Trekta limepona, njoo.* Akaifunga bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akaenda posta. Alipoitumbukiza sandukuni, alama ya dizeli ilikuwa imeanza kuenea kwenye karatasi.