Somo la Kuazima

"'Borrow' ni kumpa mtu kitu chako," alisema Mwalimu, akiandika kwenye ubao mdogo aliouegemeza juu ya meza ya kulia. "'Lend' ni kuchukua cha mwenzio. Usichanganye."

Ulikuwa uongo mtupu, na Mwalimu alijua. Alifundisha Kiingereza tangu ujana hadi nywele zikageuka pamba, na hakuna mtoto aliyetoka darasani kwake bila kujua kwamba mambo ni kinyume: "borrow" ni kuchukua, "lend" ni kutoa. Kiswahili kinasamehe, mtu huazima kwa jirani, na jirani humwazima, neno ni lile lile. Kiingereza hakisamehe, na mtihani ndio kabisa.

Mwanafunzi wake aliinua macho. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akatabasamu, mwanya wake ukaonekana.

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema, akaandika kama alivyoambiwa.

Tusimlaumu mama wa watu kabla ya kumjua. Mtu aliyezoea kelele za darasa zima, mpe nyumba ya vyumba vitatu, mume yuko kaburini, watoto wako ng'ambo na simu zao ni za sikukuu kwa sikukuu, uone kama hatazungumza na birika. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuzungumza na birika. Ndipo akabandika tangazo getini: anafundisha Kiingereza, hasa yale maneno yanayofanana maana lakini si mamoja. Watu walipita, wakasoma, wakaenda zao.

Aliyebisha hodi alikuwa mmoja tu, mwanamume wa makamo, mrefu, mguu wa kushoto akiuvuta kidogo. Alisema yeye ni mtunza ghala, anataka kufanya ule mtihani mkubwa wa Kiingereza, na akifaulu kuna kazi inamngoja nchi ya mbali. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mbele tu, mgongoni makunyanzi matupu. Mwalimu akajua huyu naye hana wa kumtazama anapotoka nyumbani.

Kichwa cha mwanafunzi huyo kilikuwa cha ajabu. Somo likianza, alikuwa mwepesi. "Hear" na "listen", kusikia na kusikiliza, alizitenganisha bila kufikiri, "look" na "see", kutazama na kuona, vivyo hivyo. Lakini saa ya kuondoka ikikaribia, alivuruga kila kitu, ikabidi waanze upya.

"Nisamehe, Mwalimu, kichwa changu kizito," angesema, na Mwalimu angekwenda kubandika chai nyingine, huku akijifanya amechoka naye.

Siku nyingine walikula pamoja. Mwanafunzi aliosha vyombo na kusimulia vituko vya ghalani, na Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. Ilipofika zamu ya "alone" na "lonely", yaani kuwa peke yako na kuwa mpweke, walitoa mfano mmoja mmoja kwa haraka, wakafunga madaftari. Hapo hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kisha tarehe ya mtihani ikakaribia. Mwalimu aliwaza mambo mawili tu: huyu akifaulu, anaondoka, na akiondoka, narudi kwa birika langu. Ndipo alipofundisha uongo ule, kwa makusudi na kwa mwandiko mzuri.

Wiki iliyofuata mwanafunzi alirudi ameinamisha kichwa.

"Nimefeli, Mwalimu. Lile swali la kuazima ndilo lililoniponza."

"Pole, mwanangu. Basi tutaanza tena."

Furaha ilimjaa kifuani, na aibu ikaja nyuma yake mbio. Alimtazama akifungua daftari kwa utiifu, penseli imechongwa vizuri. Mtu mzima mzima amemnyima mwenzake riziki, ili yeye asinywe chai peke yake!

Asubuhi alivaa gauni lake la zamani la kazini, akaenda kwenye kituo cha mitihani. Njiani aliapa atasema yote. Alijua itakavyomgharimu: mwanafunzi akisikia, hatakanyaga tena kwake, na nani atamlaumu? Njia ya mwongo ni fupi, na yake imefika mwisho. Mara mbili aligeuka arudi nyumbani, mara mbili akajikaza.

Mapokezi alimkuta karani, binti mchangamfu.

"Shikamoo, mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Kuna mwanafunzi wangu amefeli hapa juzi. Kosa si lake, ni langu. Nilimfundisha uongo nikijua ni uongo, ili asiondoke. Niadhibuni mimi, yeye mpeni nafasi nyingine."

Binti alimkazia macho, akitafuta utani usoni mwake, asiuone. "Anaitwa nani, mama?"

Mwalimu akalitaja jina. Binti akakunja uso.

"Yukoje huyo mtu?"

"Mrefu. Ana mwanya. Mguu wa kushoto anauvuta kidogo."

Karani akaweka kalamu chini, akautazama mlango uliofungwa nyuma yake.

"Mama, huyo si mtahiniwa. Huyo ndiye mkuu wetu. Maswali yote ya mtihani huu anatunga yeye, tangu mimi sijaajiriwa." Akasimama. "Yumo ndani. Nimwite?"

Mwalimu akauchukua mkoba wake mezani.

"Usimwite," alisema. "Wala usimwambie nilifika. Jioni ana somo kwangu."