Korongo na Nzi wa Msimu

Korongo mwenye njaa alinyofoa unyoya wake, akaufunga kwenye ndoana mpaka ukafanana na nzi, akautupa kijitoni. Trauti, samaki mjuaji, akauchungulia kupitia maji maangavu.

“Bwana Korongo, huyo ni nzi wa masika. Sasa ni kipupwe!”

Korongo akanyofoa mwingine, wa kijivu.

“Kipupwe kimeisha, bwana. Unafuata kalenda gani?”

Misimu ikapita, manyoya yakaisha. Korongo akabaki uchi majini, amekonda, anatetemeka. Ngozi yake tupu ikawavutia nzi wa kweli, wakamjaa hadi mdomoni.

“Sasa hao ndio nzi!” Trauti akasifu, akaruka kuwadaka.

Korongo akammeza, kisha akawasihi nzi, “Msiondoke, jamani. Nitavaa nini?”