Muziki wa Darajani

Zamda aliingia kwenye banda la gemu kuwaona watu wakicheza gemu aliyoitungia muziki. Runinga zote zilikuwa zimezimwa sauti, na redio ya mwenye banda ilitangaza mpira kwa makelele. Akachomoa waya wa redio, akanyakua rimoti, akapandisha sauti ya runinga iliyokuwa karibu.

"We dada, nani kakuruhusu?" alifoka Shomari, aliyekuwa akicheza kwenye runinga hiyo, mtu wake wa kwenye gemu akiwa ndiyo kwanza amefika darajani.

"Muziki wa hapo darajani nimeutunga mimi. Na nyinyi mmeuziba mdomo."

"Kwani muziki unaua adui?"

Zamda akapandisha sauti tena. Zeze lilianza polepole, kisha ngoma ya mbali. Shomari akasonya, akaweka kidole kwenye kitufe cha kukimbia. Hakubonyeza; sikio lake lilikuwa kwenye zeze. Maadui walishafika darajani, na mtu wake bado amesimama.