Noti Hatupokei

"Noti hatupokei siku hizi, kaka. Simu tu," alisema binti wa duka la fotokopi.

Fundi makochi akabaki na noti yake mkononi kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Ukurasa aliotaka kutoa kopi ulikuwa wa maelekezo ya friji. Friji hana. Kopi za ukurasa huohuo zilishajaa chini ya kitanda, lakini angeingiaje dukani bila sababu? Kumuuliza binti jina lake alishindwa. Yeye, anayebishana na wateja kutwa nzima, akifika pale ulimi unaganda. Mwanamume shupavu kweli!

Pochi ya simu alikuwa ameikataa katakata. Rafiki zake walimhubiria usalama, wakamhubiria urahisi, dada yake akamwita babu. Wapi! Aliapa kwamba hela isiyokunjika si hela.

"Shauri yako," seremala mwenzake alimwambia jioni hiyo karakanani. "Mimi nikilipa, jina la ninayemlipa linatokea palepale."

Fundi akaacha nyundo. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwa wakala, kitambulisho mkononi, kabla hata mlango haujafunguliwa.

Nje ya duka la fotokopi akasimamishwa na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akifanya utafiti. "Samahani kaka, kitu gani kilikushawishi ujiunge na pochi ya simu?"

"Usalama," akajibu bila haya. "Wezi wamezidi."

Akaingia, akatoa kopi ya friji, akabonyeza namba ya duka. Jina likatokea. La kiume.

Lahaula! Kumbe ana mume, na yeye bwege amejisajili ili amchangie! Akathibitisha malipo huku akitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na friji yake.

Simu ya duka ikalia mezani. Binti akaiinamia, akausoma ujumbe polepole, midomo ikicheza.

Mzee aliyekuwa nyuma ya fundi akanyoosha noti. Binti akaipokea, akamrudishia chenji.

"We! Si ulisema noti hampokei?" fundi akang'aka.

Binti akainua uso, akamwita kwa majina yake yote matatu.

"Huyo uliyemlipa ni baba," akasema. "Na noti tunapokea siku zote. Zako tu ndizo zilikuwa haziji na jina."