Miguu ya Mzee Korongo

Ukame ulipoacha kidimbwi kimoja tu, Mzee Korongo alitunga sheria: asinywe mnyama yeyote kabla ya kunawa miguu mara saba. Yeye mwenyewe alisimama katikati ya maji, akiwakagua.

Mama Digidigi alifika na mtoto aliyezidiwa na kiu, akamwinamisha anywe hapohapo.

"We mama, unatuchafulia maji!" Korongo akafoka. "Kwato hamjanawa!"

"Utusamehe, mzee wangu. Kwato zetu ziko huku ukingoni," alijibu kwa aibu. "Ila hiyo miguu iliyomo majini ni ya nani?"

Wanyama wote wakamgeukia Korongo. Mtoto akaendelea kunywa. Polepole, Korongo akaukunja mguu mmoja tumboni.

Hadi leo husimama hivyo, akijisifu kwamba amepunguza uchafu kwa nusu.